Majani Mawili ya Fedha

Sitti Halidi aliileta Chikongola, kwenye kibanda changu cha saa,
ndani ya kopo la dawa lililojazwa pamba.
Wiki ya tatu hiyo malipo ya korosho hayajaingia,
na mjukuu wake anadaiwa ada ya bweni.
"Nitazamie, fundi. Ni dhahabu?"

Si dhahabu.
Nikavaa jicho langu la kioo, lile la kuwindia vumbi ndani ya saa,
nikayaona: matawi mawili, chini yameshikana, juu yameachana
kama mke na mume waliogombana wakabaki nyumba moja.
Kioo cha zambarau kimemeguka kwenye majani matatu.
Ya Wafaransa, nikamwambia. Nyingine wao huwapa watu kwa kuua;
hii humpa mtu kwa kufuta ubao.

"Basi ya Babu," akasema. "Alikuwa mwalimu Moroni
kabla hajahamia huku na cherehani yake."

Nikageuza. Kwenye pete ya juu, mahali pa punje ya ulezi,
pamegongwa mhuri: masikio, pua ndefu, jino limechomoza.
Nikanyamaza.
"Nini?"
"Nguruwe mwitu."
Akauvuta mkono kama aliyegusa pasi.
"Miaka yote hii amelala mtoto wa meza mmoja na Msahafu!"
Nikamweleza: ni alama ya Paris tu, ya kuthibitisha fedha.
Fedha ya mikoani kwao iligongwa kaa.
Akafikiri.
"Kaa naye si afadhali sana."

Nguruwe huyo alistaafu mwaka sitini na mbili.
Na daraja lenyewe, la majani ya fedha,
lilibadilishwa jina hamsini na tano.
Kwa hiyo ni kabla. Kabla kwa kiasi gani?
Nikaomba uzi mmoja wa utepe, nikautia kiberiti.
Ulinuka nywele. Hariri; nailoni ingetoa machozi meusi.
Nikauweka utepe chini ya taa ya kukagulia noti bandia
na haukuwaka. Nyuzi za siku hizi huwaka buluu
kama meno ya watu ukumbini.
"Thelathini na kitu," nikasema. "Au arobaini ya mwanzo. Siapi."

Nilikwishaandika bei nyuma ya risiti.
Lakini utepe ulikuwa na mikunjo.
Nje umefifia ukawa rangi ya chai ya maziwa;
ndani ya mikunjo bado mbichi, zambarau ya kutia doa mdomoni.
Nikaifuata kwa kibanio, taratibu,
utepe ukakumbuka wenyewe:
ukapinda kushoto, ukapinda kulia,
katikati vitundu vya sindano.

Kipepeo.

"Mwanamume huuvaa umenyooka," nikasema.
"Hivi hufungiwa mwanamke."

Kinyozi wa jirani akazima mashine yake, sijui kwa nini.
Sitti aliuangalia ule utepe muda wa mtu kusoma barua fupi
mara mbili.
"Koko Moinaesha," akasema.
"Alikuwa akisahihisha madaftari yetu kwa kucha, bila kalamu,
akikwaruza palipokosewa.
Tulidhani kafundishwa na Babu."
Kisha, kwa sauti ya kuhesabu chenji:
"Babu alipotia saini, alifunika karatasi kwa mkono.
Tukasema, mzee ana siri."

Bei haikupanda. Fedha hupimwa kwa gramu,
na gramu hazijui aliyezivaa.
Nilimwambia hivyo, maana mteja ni mteja.
Akairudisha pamba ndani ya kopo,
akakilaza kipepeo juu yake jinsi nilivyokikunja,
asikibonyeze, kifuniko akakishika mkononi.

"Nitauza saa ya Babu," akasema.
"Ile uliyoitia mkanda mwaka jana.
Hebu niambie kwanza, fundi:
hiyo haina nguruwe?"